Nakusanya midoli ya mashujaa tangu utotoni. Sasa narudi Tanga, niifanyeje?

SWALI

Assalaam aleikum dada yangu.

Mimi ni mzee wa miaka 57, mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Kwa karibu miaka thelathini nimefanya kazi kwenye maghala huku, na mke wangu anahudumia wazee. Mungu katujalia watoto wawili, wote wanajitegemea, na nyumba tumeijenga Sahare, karibu na bahari. Mwakani tunarudi tukapumzike. Mambo yote yamekaa sawa isipokuwa moja, nalo ndilo linaloninyima usingizi.

Nakusanya midoli na vitu vya mashujaa wa katuni: Superman, Batman, Spider-Man, Wonder Woman na wenzao. Sikuanza jana. Mjomba wangu alikuwa baharia, na safari moja miaka ya sabini alinirudia na mdoli wa Spider-Man wa kampuni ya Mego, urefu wake kama shibiri moja, kavaa nguo ya kitambaa chenye kuvutika mithili ya soksi. Ngamiani nzima watoto walikuja kumshika. Nguo ilipochanika mgongoni, mama aliishona kwa uzi mweupe kwa sababu mwekundu haukuwepo dukani. Mpira wa ndani ulishakatika siku nyingi, miguu inaning'inia, lakini ninaye mpaka leo.

Nilipofika huku nikakuta nimeingia kwenye kitovu chenyewe. Kampuni ya Kenner, iliyotengeneza midoli ya Super Powers kuanzia 1984 hadi 1986, ilikuwa Cincinnati, chini ya saa mbili kwa gari kutoka kwangu. Superman mwenyewe alibuniwa Cleveland, hukohuko Ohio, na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Wikiendi zangu zikawa za kwenye minada, masoko ya vitu vilivyotumika na maonyesho ya midoli. Sinywi, sivuti, ada za watoto wa ukoo nimelipa bila kulalamika, na mke wangu anajua kila dola niliyotumia. Leo chumba chote cha chini ya nyumba kimejaa rafu: midoli, sanamu kubwa za kupambia, vijarida vya katuni, visanduku vya bati vya chakula cha shule, mabango ya sinema. Mingine haijawahi kutolewa kwenye boksi.

Mwaka huu rafiki yangu, Mmarekani tuliyekuwa tukikutana kwenye maonyesho kwa miaka mingi, alifariki. Nilikwenda kuwapa pole watoto wake nikakuta lori limeegeshwa mlangoni na mikusanyo yake inatupiwa ndani kama taka. Kulikuwa na Cyborg wa Super Powers ndani ya kadi yake ya dukani, mdoli ambao yeye na mimi tulimtafuta kwa miaka. Sikuwa na la kusema. Niliporudi nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Baba fulani, ukifa wewe, mimi nitamwita nani aje achukue haya?" Sikumjibu.

Mimi nilikuwa nimepanga kupakia vyote kwenye kontena nikaipambe nyumba ya Sahare. Nilipolitaja hilo kwenye kundi la familia, mdogo wangu alisema ni aibu mzee mzima kusafirisha midoli baharini. Dada yetu mkubwa akasema nyumba yenye masanamu malaika hawaingii, na yeye hatalala humo. Watoto wangu nimewauliza, wakasema, "Baba, hatuna pa kuviweka." Ninachojua ni kwamba vitu hivi vina thamani, huwa naona bei mtandaoni, na moyoni nimevihesabu kuwa akiba yetu ya uzeeni.

Niuze? Nisafirishe? Nigawe? Na je, kweli ni utoto? Nina pia sanduku la magazeti ya katuni ya Sani niliyotoka nayo nyumbani nikiwa kijana, ila hayo hayana hesabu, nayataja tu ili ujue ukubwa wa mzigo.

Mkusanyaji, Columbus, Ohio

JIBU

Waaleikum salaam kaka yangu, na pole kwa kufiwa na rafiki.

Nianze na rafiki yako huyo, kwa sababu naona lori lile ndilo lililokushikisha kalamu. Watoto wake hawakuwa na ubaya, wala sidhani walimdharau baba yao. Waliingia kwenye chumba chenye mamia ya vitu wasivyovijua, hakuna karatasi, hakuna jina la mtu wa kumpigia simu, na nyumba inatakiwa itolewe vitu. Huyo Cyborg alitoka kwenye toleo la mwisho la Super Powers, ambalo lilipatikana kwa uchache kuliko ya mwanzo, na ndiyo maana mlimtafuta kwa miaka. Lakini hilo mlilijua ninyi wawili. Kwa asiyejua, ni plastiki ndani ya kadi ya zamani. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mkeo, na kwa maswali yako yote, linaanzia hapa: chagua mwenyewe ukiwa hai na mwenye nguvu, na kila utakachokibakiza kiwe na maandishi. Mkeo hakukulaumu. Alikuomba maelekezo, na bado anayasubiri.

Kuhusu mdogo wako sitakaa sana. Mtu aliyelea watoto, akajenga, akalipa ada za ukoo na hana deni, akitumia kilichobaki kwa kitu anachokipenda, hana cha kuonea aibu. Huko huko Marekani, mjini Rochester, jimbo la New York, kuna jumba kubwa la makumbusho ya michezo linaloitwa The Strong. Mzizi wake ni mama mmoja, Margaret Woodbury Strong, ambaye maisha yake yote alikusanya wanasesere na vitu vya kuchezea. Alifariki 1969, na kwa kuwa wasia na mali alivipanga mapema, mikusanyo yake ilikuja kufunguliwa kwa umma 1982. Leo watafiti wanakwenda pale kusoma jinsi watoto wa zama zilizopita walivyocheza. Wewe na mimi hatuna utajiri wa mama yule, lakini kupanga mapema hakuhitaji utajiri.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda hutalipenda. Liondoe kichwani wazo kwamba chumba kile ni akiba ya uzeeni. Inaweza kutoka humo pesa nzuri, sikatai, ila usiipangie matumizi kabla hujaishika.

Unajua kisa cha Action Comics namba 1 ya Juni 1938, ile iliyomtoa Superman kwa mara ya kwanza. Iliuzwa senti 10. Siegel na Shuster walilipwa dola 130 wakaachia haki zote. Aprili 2024 nakala moja ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6. Kila mkusanyaji anaijua hadithi hiyo na kila mmoja anaiona kama ahadi. Lakini tazama kilichoipandisha bei. Karatasi ilikuwa duni, watoto walisoma wakachana, akina mama wakatupa, kisha vita vya pili vya dunia vikaja na kampeni za kukusanya karatasi kuukuu. Zilizopona ni chache mno. Hakuna aliyeitunza kwa nia ya kutajirika.

Halafu tazama kilichotokea watu walipoanza kutunza kwa nia hiyo. Mwaka 1991 X-Men namba 1 iliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, watu wakinunua tano tano. Mwishoni mwa 1992 likaja toleo la kifo cha Superman, namba 75, ndani ya mfuko mweusi. Watu walipanga foleni madukani, mamilioni ya nakala yakanunuliwa, na mengi yakafungiwa kabatini yakingoja kupanda bei. Mpaka leo yamo kabatini. Kila mtu anayo, nani atakununulia? Soko lile lilianguka vibaya kiasi kwamba Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Nina hakika chini kwako kuna mifuko myeusi kadhaa. Kama ninakosea, furahi.

Na zile bei unazoziona mtandaoni, je, ni bei wanazoomba wauzaji au bei zilizolipwa? Kuomba hakuna gharama, mtu anaweza kuandika dola elfu mbili kwenye mdoli akakaa nao miaka mitano. Kwenye masoko hayo kuna sehemu ya kuchuja ili uone vilivyokwishauzwa tu. Tazama hiyo peke yake. Kisha toa gharama ya soko au ya nyumba ya mnada, toa posta na vifungashio. Toa na kodi: kwa sheria za Marekani, faida ya kuuza vitu vya kukusanya ulivyovimiliki zaidi ya mwaka inaweza kutozwa kodi ya serikali kuu hadi asilimia 28. Mtafute mhasibu kabla hujauza kitu kikubwa, tena kabla hujahama nchi.

Sasa tuingie chumbani.

Shuka na mkeo, siyo peke yako. Chukueni kitu kimoja kimoja. Mwambie kinatoka wapi, ulikipataje, kwa nini ulikileta nyumbani. Utagundua haraka kwamba kuna vitu unavyoweza kuvisimulia mpaka chai ipoe, na vingine hukumbuki hata ulivinunua mwaka gani. Hivyo vya pili ndivyo vya kuuza au kugawa, hata kama bei yake ni kubwa, na hasa kama bei yake ni kubwa. Vya kwanza ndivyo mikusanyo yako halisi. Nakuhakikishia vitakuwa vichache kuliko unavyodhani.

Chukua huyo Spider-Man wako wa Mego. Nguo imeshonwa kwa uzi mweupe, mpira wa ndani umekatika, kama ulivyokatika kwa midoli wengi wa kampuni hiyo, kwa sababu viungo vyao vilishikwa kwa mpira na mpira huzeeka. Mnunuzi atamtupia jicho aseme hana thamani, au atamnunua kwa ajili ya kichwa na vipuri. Wewe unajua mkono uliopitisha sindano pale mgongoni. Huyo habanduki kwako. Na usimpeleke kwa fundi akabadilishwe nguo ili apendeze. Mpira unaweza kubadilishwa, huo uzi uacheni.

Upande wa pili kuna hao ambao hawajatoka kwenye maboksi. Samahani kaka, lakini Super Powers walitengenezwa wachezewe. Ukimbana Superman miguu anatupa ngumi, ukimbana Flash mikono miguu inakimbia. Aliyebaki kwenye kadi miaka arobaini hajawahi kufanya hata hilo, na thamani yake yote iko kwenye kutofunguliwa kwake. Ni bidhaa safi ya sokoni, basi muachie soko. Wauze mmoja mmoja, polepole, huku ukiwa bado Marekani ambako wanunuzi wapo. Ukivileta Tanga kisha ukaamua kuviuza, utalipia posta ya kuvirudisha kulekule.

Katika kuuza, kuwa mkweli kupita kiasi. Kama joho la Batman si lake la asili, kama silaha ni ya kuigiza, andika. Usisugue kitu kwa dawa ili king'ae. Vya kawaida, vile ambavyo kimoja hakifiki gharama ya posta, vifunge kwa mafungu, au wape watoto wa jirani, au uvipeleke msikitini siku ya Idi kwa ajili ya watoto. Fikiria furaha ya siku hiyo.

Kontena sasa. Hapa nakuomba unisikilize kuliko popote.

Sahare ni karibu na bahari. Huko Columbus chumba chako kina joto la wastani na pengine mashine ya kukausha hewa. Sahare kuna jua, chumvi, na unyevunyevu wa kufanya kitanda cha chuma kitoe kutu. Plastiki laini zimechanganywa na mafuta ya kuzilainisha, na joto huyatoa mafuta hayo taratibu, ndipo mdoli anaanza kunata mkononi na kushika vumbi lisilotoka. Plastiki nyeupe na za bluu hafifu hugeuka njano kwa mwanga. Visanduku vya bati vitaliwa na kutu. Vijarida vimechapwa kwenye karatasi yenye asidi, inajila yenyewe hata ikiachwa peke yake, na ikikutana na unyevu inaota ukungu. Bado hujakutana na mende, panya na mchwa. Na kabla ya Tanga yenyewe kuna wiki kadhaa ndani ya boksi la chuma linalopigwa jua bandarini.

Kwa hiyo vitu vya kurudi navyo viwe vile vichache tu vya hadithi, na nyumba ivitayarishie nafasi kabla havijafika. Chagua chumba cha ndani, kisicho na ukuta unaopigwa jua la mchana wala dirisha la kuelekea bahari. Weka kabati la vioo linalofunga vizuri, lisigusane na ukuta, ndani yake vipakiti vya kufyonza unyevu ambavyo utavibadilisha mara kwa mara. Usitegemee kiyoyozi peke yake, umeme wetu unaujua. Vijarida viwe kwenye mifuko ya poliesta na ubao usio na asidi nyuma yake. Ile mifuko laini ya bei rahisi yenye harufu ya plastiki itupe, inaharibu badala ya kulinda. Kila mdoli anayetumia betri, toa betri leo, usingoje siku ya kupakia, maana ikivuja hakuna dawa.

Kisha kuna forodha. Anayerudi nyumbani kuishi ana nafuu ya ushuru kwa vyombo na vitu vyake binafsi alivyokuwa akivitumia ugenini. Nafuu hiyo inahusu vitu vya matumizi yako. Afisa akifungua kontena akakuta mamia ya midoli kwenye maboksi mapya, ataona duka. Utamwelezaje kwamba hukuja kufanya biashara? Ongea na wakala wa forodha wa Tanga au Dar es Salaam kabla hujafunga hata boksi moja, umpe orodha kamili yenye picha. Orodha ile ile utakayomwandikia mkeo ndiyo itakayokusaidia bandarini, kwa bima, kwa mhasibu na kwa warithi.

Orodha yenyewe iwe hivi: picha ya mbele na nyuma, jina la kitu, kampuni, mwaka, hali yake, ulikipata wapi na kwa bei gani, na mwisho mistari miwili mitatu ya maneno yako. Andika kwa Kiswahili, na pembeni Kiingereza kwa ajili ya watoto. Ukishachoka kuandika, washa simu uzungumze, mkeo akurekodi. Usiseme utaifanya ukishafika Tanga. Ukishafika Tanga utakuwa na wageni miezi sita.

Suala la dada yako nimelibakiza mpaka hapa kwa sababu halifai kupitiwa mbiombio. Mimi si sheikh na sitatoa fatwa. Ninachoweza kusema ni kwamba dada yako hakutunga. Hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye picha na masanamu ipo, na watu wetu wa pwani wanaichukua kwa uzito. Ipo pia riwaya inayojulikana ya Bibi Aisha kuchezea wanasesere nyumbani kwa Mtume, na wanazuoni wengi wametofautisha kitu cha kuchezea mtoto na sanamu linalosimamishwa kwa heshima au mapambo. Mdoli wa kabatini wa mtu mzima unaangukia wapi, hilo mwulize sheikh ambaye wewe na dada yako mnamwamini, na mwulize mkiwa wote wawili. Ukimwuliza peke yako ukarudi na jibu, dada hataridhika.

Lakini naona tayari kuna jambo la kukubaliana. Zile sanamu kubwa za kupambia ziache Marekani. Ni nzito, zinavunjika, ndizo hasa zinazomtisha dada, na kwa wanunuzi wa huko zinauzika. Sebule muachie mkeo na wageni wake. Vitu vyako viwe chumba chako, ndani ya kabati lenye milango. Dada akija alale kwa amani, wala asilazimike kukutana na Hulk akienda kuchukua maji usiku.

Watoto wako wamekwambia hawana pa kuviweka, na jibu hilo ni la kweli kwa vijana wanaoishi kwenye nyumba za kupanga. Usilisikie kama wamekukataa wewe. Waite siku moja, kabla hujauza chochote, umwambie kila mmoja achague kitu kimoja, na akueleze kwa nini. Huenda akachagua kisicho na bei kabisa, tuseme yule Batman aliyekuwa akioga naye utotoni.

Je, kuna mpwa au mtoto wa jirani anayevipenda kwa dhati? Mpe akiwa mbele yako, kwa mkono wako, na hiyo itakuwa hiba iliyokamilika. Ukitaka apate baada yako, kumbuka kwamba kwa sheria ya dini yetu wasia hauvuki theluthi ya mali na hauandikiwi mrithi ambaye tayari ana fungu lake. Mpwa asiyerithi anaweza kuusiwa. Liandike kwa mwanasheria huko Ohio pia, maana usipoacha maandishi, sheria ya jimbo itagawa kwa utaratibu wake. Na ndani ya karatasi hizo liwepo jina la mkusanyaji mmoja mwaminifu ambaye mkeo atampigia simu. Hapo swali lake litakuwa limejibiwa.

Mwisho, kaka, hayo magazeti ya Sani unayosema hayana hesabu.

Mimi nilisimama kusoma nilipofika mstari huo. Superman wa Kenner wametengenezwa kwa wingi, wapo Ohio, wapo Japani, wana vitabu vya bei na kampuni za kuwapa madaraja. Sani ya mwanzo mwanzo, ile ya kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Pimbi, nani anayo? Tuliisoma ikachakaa, tukaazimana isirudi, tukafungia maandazi na karanga. Nchi nzima ilicheka pamoja kwa miaka, na leo ukimtafutia kijana nakala ya miaka ya themanini amwone Lodi Lofa alivyochorwa, utazunguka mji mzima. Wewe unazo, zimekaa mbali na unyevu wa pwani kwa miongo mitatu, na umeziandika mwisho wa barua kama nyongeza ya mzigo.

Basi kazi ianzie kwenye sanduku hilo, kabla ya rafu yoyote. Nawa mikono, uikaushe, ufungue gazeti moja moja juu ya meza safi. Usitumie gundi ya karatasi wala usinyooshe kwa pasi. Andika namba na tarehe ya kila toleo, hata lililokosa jalada. Hapohapo Columbus, Chuo Kikuu cha Ohio State kina Billy Ireland Cartoon Library & Museum, iliyoanzishwa 1977, yenye hazina ya katuni inayotambulika kuwa kubwa kuliko zote duniani. Nenda ukawaulize jinsi wanavyohifadhi karatasi kama hizo, na kama wanaweza kukusaidia kuzipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Wao kazi yao ni hiyo. Ila magazeti yenyewe usiwaachie kabla hujaandika barua nyingine, kwa kitengo cha East Africana cha maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukawatumia orodha na kuwauliza ni matoleo gani wanayakosa.

Yasipande kontena. Yaweke bapa kati ya mbao mbili nyepesi, ndani ya mfuko usiopitisha maji, uingie nayo kwenye ndege kama mzigo wa mkononi. Na orodha ikishakuwa tayari nitumie nakala. Mimi mwenyewe kuna toleo nalitafuta.